Kibanda chetu cha Zinga: mtoto wa selimundu analalaje nyumba ya makuti?

SEHEMU YA 1: Tulianzaje

Tangu niweke ile picha ya watoto wamekaa barazani Zinga, nyuma yao ukuta wa udongo na juu makuti, maswali hayajaisha. Wengi mnauliza tulitumia shilingi ngapi. Wengine, mbu mnawafanyaje. Dada mmoja hakuzunguka: "Wewe ni nesi, una mtoto wa sikoseli, unamlazaje kwenye kibanda porini?" Hilo ndilo swali lenyewe. Nitajibu yote kupitia hilo, kwa sehemu nne, maana nikiandika kwa mkupuo mmoja mtachoka.

Kwa wageni: mimi ni muuguzi wa stashahada, wodi ya watoto. Nina watoto watatu, na wa kati, wa miaka minane, ana selimundu, ile SS yenyewe. Tunaishi Bunju nyumba ya kupanga.

Shamba ni la mama mkwe. Ekari mbili, upande wa bara wa barabara ya Bagamoyo. Unashuka Zinga, unaingia ndani kwa miguu kama dakika ishirini. Kuna mikorosho, miembe mitatu, minazi iliyozeeka, na nyuma kabisa kichaka kizito ambacho watoto wanakiita msitu. Mama mkwe alizaliwa hapo. Nyumba ya wazazi wake ilishaanguka zamani, likabaki tuta la udongo na mti wa mstafeli.

Sasa, mnaojua Zinga mnajua. Tangu habari za bandari mpya ya Bagamoyo zianze mwaka 2013, ardhi ya kule haikulala tena. Mradi ukasimama, ukazungumzwa upya, lakini wanunuzi hawakuacha kuja. Na shamba lisilo na nyumba linaonekana kama halina mwenyewe. Mwaka 2021 alikuja mtu na bei nzuri tu, na shemeji zangu wawili wakataka liuzwe. Kikao kikaitwa. Mama mkwe akasikiliza wote, halafu akasema maneno machache: "Nikifa mtauza. Nikiwa hai, nataka wajukuu zangu walale pale."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Tofali hatukuwa na uwezo nalo. Kibanda cha miti na udongo tuliweza. Shemeji mmoja akasema nyumba ya udongo ni aibu. Wa pili akanigeukia mimi: "Na huyu mgonjwa? Akipata malaria huko, nani ataulizwa?"

Haikuwa hoja ya kupuuza. Kuna jambo kina mama wengi wanalichanganya. Wamesikia kwamba sikoseli inakinga malaria. Kinachokinga, hasa dhidi ya malaria kali, ni ile hali ya kubeba kinasaba kimoja, AS, yaani mtoto anarithi kwa mzazi mmoja na haumwi selimundu. Mtoto wa SS hana kinga hiyo kwa namna ya kujivunia. Yeye malaria ikimpata inamshusha damu ambayo tayari ni chache, na inaweza kumuua haraka kuliko mwenzake. Nimewapokea wodini. Sihitaji kusimuliwa.

Kwa hiyo sikumjibu shemeji siku ile. Nilikwenda Zinga siku ya mapumziko yangu, nikakaa chini ya mwembe na karatasi. Nikajiuliza: katika nyumba ya makuti, kinachomdhuru mtoto ni kipi hasa? Ni udongo? Ni makuti? Au ni vitu vinavyopita kwenye matundu yake? Nikaandika: mbu, papasi, funza, moshi, moto, maji machafu, baridi ya usiku. Hakuna hata kimoja kinachoitwa udongo.

Nikarudi kwa mama mkwe nikamwambia, mama, tujenge, lakini mambo manne naomba nisishindane na mtu: sakafu ya saruji, wavu wa mbu, jiko nje, na maji ya kunywa ya uhakika. Mengine yote ni ya kwako na fundi. Akacheka. "Mkwe wangu, hayo manne ndiyo bei ya nyumba nzima." Na kweli, kwa upande wa hela, ilikuwa hivyo hivyo.

SEHEMU YA 2: Kujenga

Fundi wetu ni mzee wa Mlingotini, anayejenga nyumba za kutomea tangu ujana wake. Tulianza mwezi wa saba. Alikataa mapema zaidi. Masika iishe kwanza, ardhi ikauke, ili udongo upate miezi mitatu ya jua kabla mvua za vuli hazijaja. Udongo ukinyeshewa haujakauka, alisema, unajenga mara mbili.

Miti. Zamani pwani hii yote nguzo na boriti zilikuwa mikoko. Zile nyumba kongwe za Bagamoyo mjini zenye vyumba vyembamba, wembamba wake umetokana na urefu wa boriti ya mkoko. Boriti za pwani yetu zilipakiwa majahazi mpaka Uarabuni. Leo mikoko ni hifadhi, kuikata bila kibali ni kosa, na watu wa misitu, TFS, hawana mchezo. Mtu akikuletea nguzo za mkoko kwa bei ya kutupa, usinunue. Sisi nguzo zetu ni mivinje, mingine tulinunua mirunda ya mikaratusi. Fundi aliunguza juu juu ile sehemu inayoingia ardhini, kisha akaipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Siku hiyo niliwaweka watoto mbali, oili ile si kitu cha kuchezewa.

Msingi ni mawe ya matumbawe, umeinuka juu ya ardhi kama goti la mtu mzima. Usione ni urembo. Ukuta wa udongo unaanza kufa chini, pale maji ya paa yanaporuka kutoka ardhini na kuupiga. Ukiuinua, na paa ukalitokeza nje vizuri, umeuongezea miaka. Juu ya mawe tukamwaga jamvi la saruji.

Kwa nini niling'ang'ania saruji? Kwa sababu ya funza wa miguuni. Wanapenda vumbi kavu la sakafu ya mchanga, wanaingia kwenye vidole vya watoto, na kidonda kile ni mlango wa maambukizi mengine. Sakafu inayofutika kwa tambara wanaikimbia.

Kisha zikawambwa fito, ndani na nje, kukawa na nafasi katikati. Udongo ulichimbwa kwenye kichuguu. Udongo wa mchwa unanata kuliko wa kawaida, lakini ukiwa peke yake unapasuka ukikauka, kwa hiyo ulichanganywa na mchanga, ukakanyagwa, ukalazwa na maji usiku kucha. Kesho yake majirani walikuja kutomea. Mama mkwe alipika wali na maharage ya nazi, sufuria mbili. Watoto wote walipaka udongo siku ile, na wangu wa kati akiwemo. Nilimwekea kiti kivulini na chupa ya maji, akachoka akakaa, akapata nguvu akarudi. Kuna kiganja chake kwenye ukuta wa nyuma mpaka leo.

Mpako wa kwanza ulipasuka wote. Nilishtuka. Fundi akasema ndivyo unavyotakiwa, nyufa ndizo zinazoshika mpako wa pili. Baada ya wiki tatu wakasiriba mara ya pili, laini, na mwisho tukapaka chokaa nyeupe ndani na nje.

Paa ndiyo kazi yenyewe. Kwa vyumba viwili na baraza tuliagiza makuti 900, yakapungua, tukaongeza 150. Yanaanza kufungwa chini, safu kwa safu, mpaka juu, kila safu inalalia ile ya chini yake. Ukiona safu zimetawanywa ili makuti machache yatoshe, paa hilo litavuja masika ya pili. Na mteremko uwe mkali. Paa la makuti linakinga kwa sababu maji yanakimbia. Yakitembea taratibu yanaingia, makuti yanaoza.

SEHEMU YA 3: Mlango wa mbu uko juu

Sehemu hii ndiyo naomba muisome mara mbili, hata kama huna shamba popote.

Mbu wa malaria, anofelesi, huingia sana ndani usiku kufuata harufu na pumzi za watu. Anakuja, anagonga ukuta, anapanda juu nao. Kama juu kuna uwazi kati ya ukuta na paa, ameshafika. Nyumba nyingi za makuti, na za bati pia, zina uwazi huo pande zote, na watu wanahangaika na dirisha tu. Dirisha linasaidia, lakini mlango mkubwa wa mbu huyu uko juu ya vichwa vyetu.

Bagamoyo si wageni wa vita hii. Chanjo zote mbili za malaria zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S na R21, zilifanyiwa majaribio kwa watoto wa Bagamoyo pia, pamoja na wa nchi nyingine za Afrika. Na kule Mtwara vijijini watafiti walijenga nyumba 110 za majaribio kwa wazo hilo hilo la nyumba kuwa kinga: watoto wanalala juu ghorofani, kuta zinapitisha upepo lakini si mbu, milango inajifunga yenyewe.

Sisi ghorofa hatuna. Na kuziba uwazi wa juu kwenye makuti ni kazi, kwa sababu makuti hayakai sawa, kila mahali pana kichaka. Fundi akatoa akili nzuri: tusihangaike na paa, tuwambe dari ya wavu. Kila chumba cha kulala kina wavu juu, umenyooshwa kutoka ukuta hadi ukuta na kubanwa kwa mbao nyembamba kuzunguka pande zote. Hewa inapita, joto linapanda, mbu anabaki juu na nge akidondoka anaishia hapo. Madirisha yana wavu. Mlango una fremu ya wavu na mpira wa baiskeli unaourudisha. Watoto wanaupiga paa! paa! kutwa nzima, lakini unajifunga.

Na bado, ndani ya wavu huo, kila kitanda kina chandarua chenye dawa. Kile unachopewa kliniki ukiwa mjamzito, au mtoto akienda chanjo ya surua ya miezi tisa, kile kile. Dari si mbadala wa chandarua. Mtoto wangu pia anaendelea na dawa zake zote kama alivyopangiwa na daktari, Zinga au Bunju. Ratiba imebandikwa ukutani.

Papasi. Hawa wanakaa kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, wanatoka usiku kunyonya damu, na wanaleta homa ya papasi, ile inayokwenda na kurudi. Kwa hiyo msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, kwangu mimi ni wa hospitali kabisa. Ufa wa leo ni chumba cha papasi kesho.

Jiko. Makuti na moto havijuani. Jiko letu liko nje, hatua kumi na tano kutoka nyumbani, upande wa magharibi. Mama mkwe ndiye aliyechagua upande. Kusi inapiga kutoka kusini, kaskazi inapiga kutoka kaskazini mashariki, na upepo wa mchana unatoka baharini. Ukiliweka jiko magharibi, cheche na moshi zinaondoka, hazirudi kwenye paa. Alisema hivyo huku anachora na kijiti mchangani, na mimi na stashahada yangu nilikaa kimya nikajifunza. Ndoo mbili za mchanga ziko pale daima.

Wazee wanasema moshi ukipikwa ndani unayatunza makuti, wadudu hawayali. Ni kweli. Lakini moshi huo huo unaingia kwenye mapafu ya mtoto, na nimonia kwa mtoto yeyote mdogo ni hatari, kwa wa sikoseli ni hatari zaidi. Tumechagua makuti yafe mapema.

Maji. Paa la makuti halikupi maji ya kunywa, yanatoka ya kahawia. Tunabeba madumu, tunachemsha, na mtoto ana chupa yake yenye alama, lazima aimalize mara nne kwa siku. Upungufu wa maji ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu yake. Baridi nayo ni hivyo. Mwezi wa saba alfajiri Zinga kuna upepo wa kusi, hivyo soksi na sweta havibishaniwi.

Nyoka: tunafyeka hatua kumi kuzunguka nyumba, kuni hazirundikwi ukutani, mabaki ya chakula hayalali nje kwa sababu yanaita panya, na panya anaita nyoka. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Vua pete na bangili, mguu usitembezwe, ufungwe kibao usicheze, na twende hospitali.

SEHEMU YA 4: Nyumba inayotaka mikono

Nyumba ya tofali unaweza kuisahau mwaka mzima ukaikuta. Hii ukiisahau masika moja, unakuta tuta. Kwa hiyo tuna kalenda yetu. Januari na Februari, makuti yaliyochoka yanatolewa. Kabla ya masika, mitaro inazibuliwa na kichaka kinafyekwa. Masika ikiisha, tunapita na ndoo ya udongo kuziba kila ufa, halafu chokaa. Kila tukifika, kabla mtu hajafungua begi, mume wangu anazunguka na tochi kukagua wavu wote, na njia za mchwa kwenye nguzo zinakwanguliwa.

Mwaka jana mwezi wa tano, usiku wa mvua, saa nane, nilimgusa mwanangu, ana moto. Kipimajoto kikasema 38.7. Homa kwa mtoto wa selimundu haisubiri asubuhi, mama zangu. Hata kama anacheza. Hata kama umempa dawa ya homa ikashuka. Kuanzia nyuzi 38, ni hospitali, saa hiyo hiyo. Namba ya kijana wa bajaji imeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameshaahidi kwamba hata usiku atakuja. Alikuja. Tope lilitukwamisha mara mbili, mume wangu akasukuma, tukafika Bagamoyo mjini kabla ya saa kumi.

Njiani nilikuwa nimemkumbatia, na sikuwa nesi. Nilikuwa nasikia sauti ya shemeji tu: nani ataulizwa?

Kipimo cha malaria: hakuna. Damu ikaangaliwa na kwenye hadubini: hakuna. Ilikuwa maambukizi ya koo yaliyoanza kushuka kifuani, ambayo angeyapata hata Bunju, maana dada yake alikuwa nayo wiki ile ile. Alilazwa siku tatu, dawa za sindano, akapona. Shemeji alipiga simu siku ya pili: "Si nilisema?" Nikamtumia majibu ya maabara. Akakaa kimya, halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Wavu wa kule mliununua wapi?"

Sitawadanganya kwamba tangu 2021 hofu imeisha. Kila tukizima taa kule bado namgusa shingo. Lakini angalia upande wa pili. Huyu mtoto shuleni hakimbii mbio ndefu, mpira wanampa kuwa refa, na akiumwa wiki mbili anarudi wenzake wamesonga. Zinga bibi yake amemfundisha kushona makuti. Ni kazi ya kukaa kivulini: unachukua jani la mnazi lililolowekwa kidogo, unalikunja juu ya kijiti, unalishona, unachukua lingine. Inataka subira, na subira anayo, hospitali imemfundisha. Dada yake anamaliza kuti moja anakimbia. Yeye ameshona 43, kaziandika idadi kwa mkaa kwenye nguzo ya baraza.

Sasa paa linaelekea mwisho. Mume wangu alipendekeza bati, na hoja zake ni nzuri: halioti panya, linakupa maji ya mvua, na hata mbu hawapendi joto lake. Na minazi Zinga inapungua kila kiwanja kinapofunguliwa, makuti yanapanda bei. Tulikaa tukajadili jioni nzima. Uamuzi ni huu: jiko litaezekwa bati na kuwekewa tangi. Vyumba vya kulala vinabaki makuti, kwa sababu mchana wa Februari chini ya bati bila dari nzuri ni tanuri, na mtoto anayekaukiwa maji haraka hawezi kupumzika humo. Siku tukipata hela ya dari ya maana, tutazungumza tena.

Kwa mama mwenye mtoto kama wangu anayetaka kumpeleka kijijini kwa bibi, usikatazwe na neno udongo wala neno makuti. Fika mwenyewe kwanza, bila mtoto. Tazama juu, kati ya ukuta na paa. Tazama nyufa. Uliza maji yanatoka wapi na moto unawashwa wapi. Uliza usafiri wa usiku ni wa nani, na uhakikishe unajua saa ngapi kufika hospitali. Beba chandarua, kipimajoto na dawa zake zote. Vikikamilika, mpeleke. Bibi hana miaka mingi ya kusubiri mpaka tujenge ghorofa.

Makuti mapya yameshaagizwa, 900 kasoro 43. Januari fundi anapanda juu. Wiki ijayo nitawaandikia habari ya choo, maana hicho nacho kina kesi yake. Na ukipita Zinga, karibu sana ulale, ila njoo na chandarua chako.